Nilivyomwambia Mjerumani kwamba mto wa Makumira unapwa na kujaa

Wakuu, heshima kwenu wote, wa bara na wa pwani.

Uzi huu nimeukalia muda mrefu. Leo nautoa wote kama ulivyo, bila chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema wazi kwamba nilifanya ujinga. Mods naomba msiuhamishie jukwaa la hekaya. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, huku Arusha, enzi hizi hizi za Mjerumani.

Nikichelewa kujibu comments mnivumilie. Mtandao wa huku ni tarishi anayetembea kwa miguu kutoka Moshi, na njiani kuna simba.

Kwa wasionijua: mimi ni karani wa boma. Kwetu ni Pangani, pale mto unapokutana na bahari. Nililetwa huku kwa sababu najua kusoma, kuandika na kuitikia "ndiyo Bwana" kwa lugha mbili. Nikaoa Mmeru wa Makumira, nikapewa na kishamba cha vitunguu, nikawa mtu wa huku.

Baba mkwe wangu ni Mzee Mbise. Yeye ndiye mkuu wa mfereji wa ukoo wao. Hapo watu wa pwani nisikilizeni vizuri, maana uzi wote umesimama kwenye mfereji huo.

Huku mlimani mvua ikikata, watu wanaishi kwa mfereji. Mtoni kuna banio, yaani ukingo wa mawe na vigogo vya migomba unaoyasukuma maji yaingie mferejini. Ukifungua banio, maji yanaingia mferejini na mto wa chini unapungua; ukilifunga, yanarudi mtoni. Maji yanakwenda kwa zamu. Alfajiri mpaka saa nne ni zamu ya mashamba ya juu. Jua likiwa kali wanafunga. Saa tisa mpaka jioni ni zamu ya mashamba ya chini, kisha wanafunga tena mpaka alfajiri. Nani apate lini, wazee wanakaa na kuongea mpaka waelewane. Mwenye mgonjwa anasogezwa mbele. Mwenye maharage yanayotoa maua anasogezwa mbele. Nimehudhuria vikao hivyo, vinachosha, lakini sijaona mtu akitoka amenuna siku mbili.

Sasa, bosi wangu, Mjerumani mkuu wa boma.

Simtaji jina, bado nala mkate wake. Watu walimwita Bwana Saa, kwa sababu alikuwa na saa ya mfukoni na aliitazama hata akiwa anatafuna. Bwana Saa alikuwa na donda moja rohoni: wenzake wote walishagundua kitu. Mmoja aliupa mlima jina, ingawa ulikuwa nalo. Mwingine aligundua ziwa ambalo watu walikuwa wakinyweshea ng'ombe siku hiyo hiyo. Yeye alikuwa hajagundua hata kisima.

Siku moja wapagazi wakaleta mifuko miwili mikubwa kutoka Moshi. Ndani mlikuwa na fito, turubai na kasia. Bwana Saa akaviunga uani mwa boma huku akisoma karatasi, fito mbili zikabaki, akazitupa. Kikatoka kitu chembamba kama ganda la haragwe. Akasema hiyo ni kayaki. Kwao, akasema, mto wao unapwa na kujaa kwa nguvu za bahari. Tangu utoto yeye alipanda na maji yakijaa, akavua, akarudi na maji yakipwa, hata kupiga kasia hachoki.

Machozi yalimlenga akisimulia. Nilimwonea huruma, sifichi. Mtu aliyekulia kwenye maji ya bahari halafu ukamweka milimani, namjua, ndiye mimi.

Jumamosi tukaenda Makumira, yeye juu ya nyumbu, kayaki juu ya vichwa vya askari. Pale mto unapanuka na kuwa kama dimbwi refu, na kambale wamo. Watu wa huku samaki hawali. Kwao kambale ni ndugu wa nyoka. Kwa hiyo akina mama waliokuwa ng'ambo walisimama kumtazama mtawala wa nchi akijikunja ndani ya ganda la haragwe ili akawinde nyoka kwa kamba.

Ilikuwa saa nane mchana, maji yamejaa. Bwana Saa akapiga kasia mpaka katikati, akatupa ndoano, akatulia. Nilikuwa sijamwona na sura ya furaha kabla ya siku ile.

Saa tisa ikafika.

Mnajua tayari. Kule juu zamu ya mashamba ya chini ikaanza, Mzee Mbise akafungua, na mto ukaanza kushuka. Kwanza yakaonekana mawe ya ukingoni. Halafu mizizi. Saa kumi Bwana Saa alikuwa amekaa katikati ya tope, wima, na kasia mkononi, hakuna wa kumpiga nalo. Askari wawili wakamtoa kwa kumbeba mgongoni. Kiatu kimoja kilibaki kule na hakijarudi mpaka leo.

Akaniuliza taratibu, na akiuliza taratibu ujue kuna mtu atalia: nani amekunywa mto wangu?

Wakuu, kulikuwa na amri. Atakayekinga maji ya mto bila ruhusa ya boma, mfereji wake unafukiwa na mwenyewe analala kifudifudi uani kupokea viboko. Mwezi ule mvua ilikuwa imeshakata. Mfereji ukifukiwa, migomba ya nyumba arobaini inaanguka, maharage yanakauka, na aliyeufungulia maji siku ile ni baba wa mke wangu.

Basi mdomo ukafanya kazi kabla ya kichwa.

"Bwana Mkubwa," nikasema, "mto huu unapwa na kujaa. Maji haya ndiyo yanayoshuka mpaka kwetu Pangani baharini. Bahari ikivuta kule, huku yanasikia."

Sehemu ya kwanza ni kweli kabisa, maji ya huku yanaishia Pangani. Ya pili ni ujinga ambao mtoto wa Pangani wa miaka minne angeucheka. Nilisubiri kofi.

Bwana Saa akautazama mto, akatazama saa, akautazama mto tena. Uso ukafunguka polepole. Nilikuwa nimempa mtu ugunduzi wake.

Siku tatu akakaa ukingoni na fimbo aliyoitia alama, anaandika. Yanashuka alfajiri, yanapanda mchana, yanashuka alasiri, yanapanda usiku. Mara mbili kupwa, mara mbili kujaa, kama bahari haswa! Akanipiga begani mpaka kalamu ikaniponyoka. Nikaona nimetoka salama, nikaenda kula.

Siku ya nne akaniita. Kuna jambo haliendi, akasema. Bahari inafuata mwezi, kwa hiyo kila siku inachelewa karibu saa nzima kuliko jana. Mto huu hauchelewi. Unafika kazini kwa wakati kama Mjerumani. Akanitazama juu ya miwani. Kama kuna watu wanaomchezea, akasema, atafukia kila mfereji wa mlima huu.

Nikamwambia mwezi wa milimani huchelewa kuamka, kesho ataona.

Nikaenda kwa baba mkwe mbio, nikafika sina pumzi. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote, na hapo sikuongopa hata neno moja. Alisikiliza huku akichonga mpini wa jembe. Nilipomaliza akauweka mpini chini.

"Kwa hiyo, mkwe wangu, umemwambia mzungu kwamba mto unavuta pumzi."

"Ndiyo, baba."

"Na sasa umekuja kutuomba sisi tuwe mapafu."

Wazee wakaitwa. Walibishana mpaka mbuzi wakarudi kutoka malishoni. Mwisho wakakubali, kwa sababu mfereji kupotea ni kufa na zamu kuvurugika ni usumbufu tu. Ndivyo tulivyofikiri. Tangu siku ile banio likafunguliwa kila siku karibu saa nzima baada ya jana yake. Bwana Saa akaona, akafurahi mpaka akaimba. Watu walioamka alfajiri vizazi na vizazi wakaanza kumwagilia jua la utosini, wiki nyingine usiku wa manane, wakinitaja mimi na mama yangu.

Mwezi ukawa mpevu, akataka bamvua. Bamvua ni yale maji makubwa kuliko siku zote, wapwani wenzangu mnaelewa. Nikarudi kwa baba mkwe na aibu zangu. Wakafunga mpaka mifereji ya majirani wa juu ili mto ufure. Bamvua ikaja. Nadhani hata Pangani hawakupata nzuri namna ile.

Na kambale wakala ndoano! Banio likifungwa tope la mfereji linamwagika mtoni na minyoo yake, samaki wanakuja mbio. Bwana Saa akarudi boma na kambale sita kwenye mti, mmoja mrefu kama mkono, mpishi wa Tanga akawatia nazi aliyoagiza kwa shida. Nilikula pia. Mwongo naye ana njaa.

Kisha akaandika ratiba. Karatasi ndefu, mistari kwa wino mwekundu, saa za kupwa na kujaa kwa mto wa Makumira, mwaka mzima. Akaipiga muhuri. Moja akaibandika mlangoni pa boma, nyingine ikaenda Berlin.

Waswahili wa mjini wakaja kuisoma. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa, mzaliwa wa Pangani kama mimi. Akasoma mpaka chini, akanigeukia, akafungua mdomo, akauona muhuri, akaufunga. Akauliza tu kama hiyo bamvua ya mwezi ujao inafaa kufulia shuka.

Hivyo ndivyo boma lilivyo, wakuu. Kitu kikishapigwa muhuri, anayejua anakuwa ndiye mjinga.

Ikaja barua kutoka pwani. Berlin wamesisimka, wanatuma mtu aje aone kwa macho yake. Mtu mwenyewe ni nahodha wa meli, mzee wa bahari, aliyepima kina cha bandari zote kuanzia Tanga mpaka Lindi.

Bwana Saa unaweza kumdanganya kuhusu bahari kwa sababu anaipenda. Nahodha anaijua.

Tukapanga na Mzee Mbise. Ratiba ilisema siku hiyo maji yajae saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Kwa hiyo banio lifungwe, mtu yeyote asiguse. Wakakubali wote. Wote isipokuwa mmoja, na mimi sikujua.

Mama Kaaya ni mjane, shamba lake liko mwisho wa mfereji. Ratiba ya mwezi ilikuwa imemwonea kuliko wote. Kila zamu yake ikikaribia, mwezi unaisogeza, au maji yanamfikia wakati jua linayanywa kabla ya mizizi. Siku tisa alikuwa hajapata maji ya maana. Maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Kwa vikao vya zamani angekuwa wa kwanza. Sasa vikao vilikuwa vimekoma, maana wazee wangekaa kujadili nini na mwezi?

Saa tatu, kayaki ikaingizwa majini, Bwana Saa mbele, Nahodha nyuma, magoti yamefika masikioni. Mto umejaa vizuri. Bwana Saa anaonyesha fimbo yake, anaeleza. Nahodha anavuta kiko.

Saa nne kasoro, jiwe la ukingoni likaonekana.

Nikalitazama lile jiwe nikiliomba lirudi chini. Halikurudi. Likaja la pili. Mto ulikuwa unapwa katikati ya maji kujaa, na mnamo saa tano wazungu wawili walikuwa wamekaa kwenye tope, mmoja ameikodolea saa yake kana kwamba imemtukana.

Nahodha akanigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha baharini, safi.

"Karani, wewe mtu wa wapi?"

"Wa Pangani, Bwana."

"Basi unajua," akasema.

Akavua viatu, akavikamata mkononi, akashuka kwenye tope na kuanza kuupanda mto. Bwana Saa nyuma yake, mimi nyuma yao, askari nyuma yangu. Hatukwenda mbali. Mzee Mbise alikuwa amesimama kando ya banio mikono imemlegea. Banio lilikuwa wazi. Mama Kaaya alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu ndani ya mfereji, jembe mapajani, anatazama maji yanavyokwenda kwake.

Nahodha akamuuliza, kwa adabu kabisa, yeye ni nani.

"Mimi ndiye mwenye zamu," akajibu.

Nahodha alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka mpaka akakohoa, askari mmoja akampiga mgongoni. Bwana Saa hakucheka. Alikuwa anaangalia banio, kisha mfereji unavyopinda kwenda kwenye migomba, kisha mimi. Alikuwa ameelewa yote, na niliona mfereji umekwisha, na mgongo wa baba mkwe, na wangu.

Nahodha akafuta macho, akamuuliza Bwana Saa jambo kwa Kijerumani. Nilielewa: ile ratiba, imeshafika Berlin?

Imefika, akasema Bwana Saa. Imeshapigwa chapa kitabuni. Na jina lake mwenyewe.

Nahodha akavaa viatu vyake. Akasema maji ya milimani yana tabia zake, na kwamba ana njaa.

Siku hiyo nililala nikijipongeza. Mfereji haukufukiwa. Hakuna aliyechapwa. Nilimwambia mke wangu kwamba ukoo wake una deni la shukrani kwangu. Aligeukia ukutani.

Wiki mbili baadaye ikatoka amri, na mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono wangu. Kuanzia leo mfereji wa Makumira ni mali ya serikali, kwa ajili ya elimu ya mwendo wa maji. Ni marufuku kuufukia. Ni marufuku pia kuufungua au kuufunga nje ya ratiba. Atakayechelewa, viboko. Atakayewahi, viboko.

Yaani uongo wangu ukawa sheria. Kitabu cha Berlin hakiwezi kukosea, basi ni mto ndio utakaorekebishwa.

Mimi nikapata promosheni. Msimamizi wa Kupwa na Kujaa, na kofia yenye kifungo cha shaba. Kazi yangu ni kukaa dirishani pa boma na kuwaambia watu wa Makumira maji yao ni saa ngapi. Wanatembea nusu siku kuja kuuliza jambo ambalo baba zao walikuwa wakipanga wakiwa wamekaa kwenye vigoda vyao.

Maharage ya Mama Kaaya yalikufa. Siku ile maji yalipita shambani mwake kwa saa moja tu, kisha askari wakafunga. Amehamia kwa kaka yake.

Jumatatu iliyopita kulikuwa na foleni. Nikainua kichwa, wa nne alikuwa Mzee Mbise. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Wapo waliotaka kumpisha, akakataa, akasubiri zamu.

Alipofika dirishani Bwana Saa alikuwa nyuma yangu, anatazama saa. Nikaanza kuinuka nimwamkie baba yangu. Aliniwahi. Aliinamisha kichwa kidogo, kama watu wote wa foleni, akasema:

"Shikamoo, Bwana Karani. Leo mwezi umesemaje?"

Hakuwa ananikejeli. Ningepata nafuu kama angenikejeli. Alikuja kuomba zamu ya kijana mmoja isogezwe, mke wake amejifungua na hana wa kumsaidia shambani. Jambo la kikao cha nusu saa. Nikatazama ratiba. Hakuna safu ya waliojifungua. Nikamsomea saa zilizoandikwa, akashukuru, akaondoka na njia yake ya nusu siku.

Nilichojifunza, wakuu: mkubwa akikuuliza nani amekunywa mto wake, fikiri vizuri kabla ya kumpa jibu analolipenda. Jibu baya utachapwa nalo siku moja tu. Jibu analolipenda atalipiga muhuri, na utakaa nalo dirishani. Mimi nilitaka kuuokoa mfereji, na kweli upo, maji yanapita. Ila si mali yao tena, na aliyewanyang'anya si Bwana Saa peke yake.

Wa kunitukana anitukane, nimejiandaa. Wa kunitetea sidhani kama yupo. Lakini kabla hamjaanza, wenye hekima humu nisaidieni jambo moja, maana wiki nzima sijapata jibu na mke wangu hanisemeshi.

Baba mkwe wako akikupa shikamoo, unaitikia nini?